Mwaka wa Malalamiko ya Mama

Kazini walimwita Tumepokea, na wala hakukasirika, kwa sababu neno hilo lilikuwa lake kweli. Alikaa kwenye dirisha la malalamiko la idara ya maji, dirisha la kioo kilichotobolewa katikati ili sauti ipite na mate yasipite, na kwa nusu ya umri wake watu walikuja pale kumfokea. Bomba limepasuka. Maji yana rangi ya chai. Jirani kachimba chini ya ukuta wangu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza mtu, kisha akasema, "Tumepokea." Na tofauti na maofisa wengi mnaowajua nyinyi, huyu akisema amepokea, amepokea kweli. Alimsumbua fundi kwa simu, akamfuata mpaka anakonywea chai, na kesho yake maji yakatoka. Kwake yeye lalamiko lilikuwa kitu chenye mwisho. Unalisikia, unalitafutia dawa, unalifunga, unaita anayefuata.

Sasa mtu kama huyo mpe mama kama yule, halafu kaa pembeni uone.

Mama alikuwa ng'ambo, kwa binti yake, yaani mdogo wake Tumepokea. Alikwenda kusaidia mapacha walipozaliwa. Ilisemwa ni miezi michache tu. Jamani, hiyo miezi michache! Mapacha walitambaa, wakasimama, wakaota meno, wakang'oka meno, wakaanza shule, bibi yao bado yuko. Huku nyuma, kwenye nyumba ya familia, alibaki Tumepokea peke yake. Aliwahi kuwa na mchumba, ila mchumba alichoka kungoja akaolewa na mtu mwenye haraka zaidi. Jioni alirudi, akajifungulia mlango, akawasha redio kabla ya taa, akanywa chai na mkate akiwa amesimama jikoni. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Kila Jumapili mama alipiga simu, na kila Jumapili alilalamika. Zulia la huku linamkereketa nyayo. Dirisha la chumba chake likifungwa linalia kama paka. Birika linachelewa kuchemka. Mto mgumu. Mkwe anavuta kiti badala ya kukiinua. Na binti yake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kupika, siku hizi anatia chumvi kama mtu aliyeiazima kwa jirani.

"Na wewe mwanangu, hujambo huko?" aliuliza mwishoni.

"Huku kwema kabisa, mama. Wala usijali."

"Haya. Basi niache mimi nikapambane na mto wao."

Simu ikikatika Tumepokea alibaki ameshika tama. Mama anateseka, alijiambia. Anateseka, anataka kurudi nyumbani, na anaona haya kusema.

Ndipo akapiga moyo konde. Alipaka rangi chumba cha mama, akabadilisha kitasa, akaingiza godoro jipya, kisha akaenda kwa mkuu wake kuomba likizo ya mwaka mzima bila mshahara. Mkuu akavua miwani.

"Mwaka mzima? Unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa karibu na mama."

"Si wewe mwenyewe unasema kila wiki analalamika?"

"Ndiyo maana nakwenda."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Yaani unaacha malalamiko ya mji mzima ukapokee ya mtu mmoja!"

Ofisi nzima ilicheka, lakini Tumepokea hakuwa kwenye utani. Alikuwa na mpango wake. Mwaka ule angekaa jirani na mama, amtunze, arekebishe ya kurekebishika, na ukiisha amrudishe nyumbani, kwenye chumba chake chenye rangi mpya. Hilo ndilo alilolitaka hapa duniani, na hakulitaka lingine.

Kwenye uwanja wa ndege wa ng'ambo mama alimshika mashavu kwa mikono miwili, mbele ya watu wote.

"Mbona umekuwa fito? Kwani huko maduka yamefungwa?" Kisha akamwegemea kifuani akalia. "Na koti gani hili," akasema huku bado analia, "linachoma."

Tumepokea alikuwa amepangisha chumba kidogo mtaa uleule, juu ya duka la mtengeneza miwani. Akisimama dirishani aliliona dirisha la jikoni la mdogo wake upande wa pili wa barabara, ghorofa ya nne. Taa ya jikoni ikiwaka tu asubuhi, yeye huyo, anavuka barabara na kisanduku cha zana mkononi. Alianza na zulia. Aling'oa lile la zamani, akatandika jingine, laini, la kuzamisha kidole. Mama akalikanyaga mara mbili.

"Laini mno," akasema. "Nitateleza nivunjike nyonga."

Akatia mafuta bawaba za dirisha mpaka likafunga kimya.

"Sasa nitajuaje kama limefungwa?"

Akaleta birika jipya.

"Hili nalo linachemka kabla sijatoa vikombe. Linanikimbiza."

Mtu mwenye akili zake timamu hapo angekaa chini akajiuliza. Lakini huyu alikuwa mtumishi wa umma. Aliona kazi ni kubwa kuliko alivyodhani, basi akazidi kuamka mapema. Na mama naye, kadiri mwanawe alivyofunga lalamiko moja, alifungua jingine, tena kwa haraka ya mtu anayenyang'anywa kitu mkononi. Alilalamikia mto mpya. Alilalamikia kitanda kilichosogezwa. Siku moja aliulalamikia ukuta, kwamba uko karibu.

Lalamiko la chumvi lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo Tumepokea akalipeleka kwa mwenyewe. Mdogo wake alikuwa muuguzi. Alishinda amesimama wodini, akirudi akasimama tena jikoni. Siku hiyo alikuwa anakoroga mchuzi, viatu vya kazi bado viko miguuni.

"Mdogo wangu," akaanza kwa sauti ya ofisini, "mama anasema chumvi..."

Mwiko ulitua juu ya meza. "Kaka, umekuja kukaa nasi au umekuja kunikagua?"

"Mimi nafikisha tu."

"Unafikisha! Mama ana shinikizo la damu. Daktari ndiye aliyesema chumvi ipunguzwe, na mama mwenyewe alikaa palepale anatikisa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari."

"Sasa mbona analalamika?"

"Mama analalamika kama wewe unavyopumua. Unamsikia kwenye simu kila Jumapili unadhani namlaza sakafuni?"

Tumepokea akaitazama sakafu ya jikoni, na mdogo wake akaona kwamba ndivyo hasa alivyodhani. Macho yalimjaa machozi. Miaka yote hii amemtunza mama yao, anamkata kucha, anamsindikiza kliniki siku zake za mapumziko, na kaka yake huko alikuwa amemweka kwenye kundi la mabomba yaliyopasuka. Ilimuuma sana. Aliuokota mwiko akaendelea kukoroga, akimpa kaka mgongo.

Kaka naye aliumia, si kwamba hana moyo. Lakini aliondoka pale na fikra ileile, kwamba suluhisho ni mama kurudi nyumbani, na akirudi kila mtu atapumua. Kwa hiyo miezi ya katikati ya mwaka ilipofika akafanya jambo. Alimkatia mama tiketi. Ndege ileile ya kurudi aliyokata yeye, kiti cha pembeni yake. Akamwonyesha mdogo wake kwenye simu, uso umemchanua.

Mdogo wake aliitazama. "Umemuuliza?"

"Ameniambia kila Jumapili."

"Sikuulizi amekwambia nini. Umemuuliza?"

"Nataka iwe furaha ya ghafla."

"Haya. Ya ghafla itakuwa. Furaha, sijui." Akamrudishia simu. "Kamwambie mwenyewe, mimi simo." Akageukia sinki akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Tumepokea akaona bora amalize kwanza lalamiko kubwa kuliko yote, ndipo amwambie mama akiwa ametulia. Nalo lilikuwa la kufua. Jengo lile lilikuwa na chumba kimoja cha kufulia, chini kabisa, cha wapangaji wote. Mama alikilalamikia chumba hicho tangu mwaka wa kwanza. Kushuka na kapu ghorofa zote hizo, na lifti yao inafanya kazi ikijisikia! Mashine zinanguruma kama malori. Watu wenyewe hata hawaelewani lugha. Na kuna mjane mmoja, fundi wa kushona mapazia, mwanamke mkubwa hivi, kila siku anakalia kiti chake makusudi, ilimradi tu kumchokoza.

Basi Tumepokea akaenda dukani akanunua mashine ya kufulia. Mafundi waliileta, wakaipachika kwenye kona ya jikoni palipokuwa na kabati la vyombo. Shemeji yake, dereva wa gari la kuchanganyia zege, mtu wa maneno ya kuhesabika, alisimama mlangoni akaitazama.

"Shemeji," akasema, "una uhakika?"

"Asilimia mia."

Shemeji akaenda zake kulala.

Mama aliitwa. Alikuja akifuta mikono, akasimama mbele ya ile mashine nyeupe inayong'aa. Akafungua mlango wake, akaufunga. Tumepokea alingoja: itakuwa kubwa mno, itakuwa na kelele, itakuwa imekalia mahali pa kabati. Mama akamgeukia.

"Asante, mwanangu," akasema.

Asante! Mnasikia? Mwanamke ambaye marehemu mumewe akimsifia chakula alijibu "njaa yako hiyo," leo anasema asante. Mdogo wake Tumepokea alishusha macho chini. Mwenye mashine yake akavimba kichwa.

Na kuanzia siku hiyo malalamiko yakakatika.

"Mama, zulia?"

"Zuri."

"Mto?"

"Mzuri."

"Chumvi?"

"Inatosha."

Mama alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, akitazama barabara. Mashine ilifua yenyewe, ikakamua yenyewe, ikapiga kengele kwamba imemaliza. Alianza kubakiza chakula. Mapacha walimpandia magotini, akawashusha polepole akisema bibi amechoka. Tumepokea, mtu mzima ovyo, aliona yote hayo akayaita utulivu. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na lalamiko lililobaki wazi, kwa hiyo akapanga kwamba wiki ile ile atamwambia habari ya tiketi.

Asubuhi moja alivuka barabara kama kawaida. Mdogo wake yuko kazini, shemeji yuko kazini, watoto shule. Alikuwa anaingia tu langoni mwa jengo, lifti ikafunguka, mama akatoka na kapu la nguo kiunoni. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi. Tumepokea, bila kujua kwa nini, akainama nyuma ya masanduku ya barua akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama akapita. Juu ya kapu kulikuwa na shati la bluu, limepigwa pasi, limekunjwa, kola imesimama. Lilikuwa shati lake yeye, na mama alikuwa amelipiga pasi jana yake.

Akamfuata.

Chumba cha kufulia kilikuwa nusu ardhini, na dirisha lake refu lilionyesha viatu tu vya wapita njia. Mashine zimepangwa ukutani, katikati viti vya plastiki na meza ndefu ya kukunjia nguo. Kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Mzee mmoja mstaafu alikuwa anazitafutia soksi zake jozi. Na kweli alikuwako mwanamke mkubwa, sindano kadhaa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, amekalia kiti cha kona.

Mama alipotokea mlangoni walipiga kelele. Yule mjane aliruka kitini, mwili wake wote ule, akakifuta kiti kwa kiganja, akakipigapiga: hiki hapa, kaa, ulipotelea wapi? Mama hakukaa. Alimkemea kwanza, kidole juu, kwamba amekitia joto kiti chake. Mjane akajibu mapigo. Wakakemeana hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, kisha wakakumbatiana mpaka sindano ikamchoma mama na kelele zikaanza upya.

Tumepokea alisimama kando ya mlango, nyuma ya mashine ya kukaushia, haelewi anachokiona.

Wanawake wale wawili walitoa shuka kubwa, kila mmoja akashika pembe zake, wakalinyoosha, wakakutana, wakaachana, wakakutana tena, na shuka likawa dogo mikononi mwao bila mtu kumwambia mwenzake fanya hivi. Huku wakikunja mama alikuwa anasimulia. Lugha ya watu aliizungumza imevunjika miguu, lakini ilitembea. Akaonyesha juu, ghorofani. Akaonyesha umbo la mashine, akaigiza inavyonguruma, akaigiza mwenyewe amekaa dirishani kama mgonjwa. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, akakunja uso wa huruma, akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, akatembea. Tumepokea alishtuka. Ule ulikuwa mwendo wake.

Mama akasimama mbele yao, akatikisa kichwa kwa upole wa kiofisa, akafungua kinywa, lakini hakuwahi kusema kitu. Mjane, na mzee mwenye soksi, wakadakia kwa pamoja, kwa lafudhi ya ajabu:

"Tumepokea!"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mama alicheka mpaka akashika meza. Tumepokea hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu utoto. Na walilijua neno lile. Hawakulijua leo. Walilisema kama watu waliolizoea, watu walioelezwa habari zake mwaka baada ya mwaka, hapahapa kati ya nguo mbichi, wakati yeye kule amesimama jikoni na mkate wake anadhani hakuna anayemtaja.

Alijitokeza. Hakuweza kuvumilia tena kujificha.

"Aaa," mama akasema, hakuona aibu hata kidogo. "Mwenyewe huyo."

Mjane akamvutia kiti. Yeye hakukaa.

"Mama, nguo hizo ni safi."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa zitakuwa safi zaidi."

Akazitumbukiza kwenye mashine, shati la bluu pia, akatia sabuni, akafunga mlango wake kwa goti. Tumepokea aliona kwamba asipolisema hapo hapo, hatalisema tena. Wale wengine hawakuielewa lugha yake na mama, kwa hiyo akalisema.

"Mama, nimekukatia tiketi."

"Ya kwenda wapi?"

"Nyumbani. Tunarudi wote likizo yangu ikiisha. Nimekupakia rangi chumba chako."

Mama akakaa kwenye kiti chake cha kona. "Rangi gani?"

"Ile ya maziwa uliyokuwa unaitaka."

"Nzuri hiyo." Aliipangusa sketi yake, ambayo haikuwa na vumbi. "Mwanangu, sirudi."

"Lakini wewe mwenyewe kila Jumapili..."

"Kila Jumapili nilisema nini? Zulia. Mto. Chumvi. Kumbuka vizuri, wewe ndiye mwenye kichwa cha kukumbuka. Uliwahi kunisikia nikisema uje uniondoe huku?"

Tumepokea alitafuta. Alikuwa mtu ambaye hata umwamshe usingizini angekutajia lalamiko la bomba la mtaa gani la mwaka gani. Alipekua Jumapili zote alizoweza kuzikumbuka, moja baada ya nyingine, na hilo halikuwamo.

"Sasa kwa nini ulalamike?" sauti ilimpanda. "Kwa nini, mama? Nimeacha kazi yangu mwaka mzima!"

"Ulitaka nikuambie nini? Nikuambie kila asubuhi nacheka na huyu mwendawazimu wa sindano mpaka mbavu zinauma? Nikuambie wajukuu wanagombania kulala miguuni pangu? Na wewe uko peke yako kwenye nyumba ile? Ungelala usingizi gani? Nilikuwa natafuta ubaya wa kukuambia, ili usione tumekwenda kustarehe tukakusahau. Wiki nyingine nautafuta mpaka naukosa. Ule mto nimeusingizia tu. Mto wa watu haukuwa na kosa."

"Na mimi nilikwambia huku kwema, usijali."

"Ulinidanganya. Nasikia redio tu nyuma yako. Sijawahi kusikia sauti ya mtu, hata siku moja."

Mzee wa soksi alikuwa ameacha kutafuta. Mjane alijishughulisha na foronya ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Na baba je?" Tumepokea akasema. Alijua si haki kumtoa baba kaburini kwa ugomvi huu, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. "Pembeni yake pale tulikuachia nafasi yako."

"Baba yako nilimuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Hana kinyongo na mimi. Nikifia huku nizikeni huku, na msihangaike kusafirisha maiti." Alilisema bila ukali, kama mtu anayeagiza chai isiwe tamu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nikuulize na mimi. Unamtaka mama, au unataka mtu wa kukufungulia mlango jioni?"

Alitaka kusema anamtaka mama. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na ni neno zuri, mtoto yeyote angelisema. Badala yake likatoka jingine.

"Mtu wa kunifungulia mlango," akasema, na akalia. Mwanamume wa umri ule, na mvi zake, amesimama katikati ya chumba cha kufulia cha watu, analia kwa sauti. Mjane hakuelewa hata neno moja, lakini alifungua mashine ya kukaushia, akatoa taulo la moto, akamshindilia mikononi. Tumepokea alijifunika nalo uso wote. Mama aliinuka akamkalisha kwenye kile kiti cha kona, chake mwenyewe, akasimama pembeni yake, kiganja juu ya kichwa chake.

"Hilo sasa ndilo neno," alisema. "Ungelisema zamani. Ila kwa hilo mimi si dawa, mwanangu. Nitakufungulia mlango, nitakufungulia, halafu siku moja sitakufungulia, na wewe utakuwa mzee zaidi ya hivi na bado hujajifunza kumkaribisha mtu ndani. Lilie hapa, lilie sana, mimi nipo. Lakini kurudi, sirudi."

Walikaa pale mpaka mashine ikamaliza. Shati la bluu lilitoka limelowa, na wakalitundika pamoja na mengine.

Mdogo wake aliporudi kazini alimkuta Tumepokea amesimama mlangoni akimngoja. Mdogo mtu alikuwa hajavua hata viatu.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake alimtazama macho yake mekundu. "Kwa chumvi au kwa tiketi?"

"Kwa vyote."

"Ngoja nikae kwanza," akasema, akakaa hapohapo kwenye kiti cha kuvulia viatu, akamshika kaka yake mkono, akaukandamiza shavuni.

Kisha Tumepokea akaketi kwenye meza ya jikoni akapiga simu shirika la ndege. Mama alikuwa upande wa pili wa meza anawasaidia mapacha kuchora, na mdogo wake alikuwa anapakua chakula. Msichana wa kule kwenye simu alikuwa na sauti ya kufundishwa, sauti anayoijua mtu aliyekaa miaka dirishani.

"Unataka kufuta kiti cha abiria wa pili. Sababu tafadhali? Ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Pole kuuliza. Amefariki?"

"Hapana, binti yangu. Yuko hapa mbele yangu, mzima, anawanyang'anya watoto kalamu."

"Bila sababu siwezi kuendelea."

Tumepokea alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamia karatasi ya wajukuu na hakuinua kichwa, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Andika kwamba ana kwake."

"Sijakuelewa, mzee. Tiketi hii si ndiyo ya kumrudisha kwake?"

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema. "Andika tu. Ana kwake, na ni huku."

Alisikia vidole vya msichana vikigonga. Ilichukua muda. Mdogo wake alikuwa ameacha kupakua.

"Tayari, kiti kimefutwa. Na tiketi yako wewe? Nayo tuifute, au ibaki?"

Hakuwa ametegemea swali hilo. Aliwaona wote, mapacha, mdogo wake na sahani mkononi, mama na ile kalamu. Angeweza kusema neno moja tu na hakuna ambaye angemlaumu. Alifikiria ile nyumba, mlango wake ambao bado hajajifunza kumfungulia mtu, na jikoni anakosimama.

"Ya kwangu ibaki," akasema.

Mama aliweka kalamu chini. Alishika ncha ya kitambaa chake cha kichwa akajifuta macho, kwanza moja, kisha la pili, mbele ya watoto na mbele ya wote, na safari hii hakusema ni koti wala ni nini.